Kutoka Mwiki Hadi Omani: Mgeni, Mwenyeji na Maji ya Jangwani

Mkazi wa Mwiki, ile kata ya eneobunge la Ruiru iliyo jirani na Githurai na Mwihoko, ambayo wengi huichanganya na Mwiki ya Kasarani ng'ambo ya mpaka wa Nairobi, anapoazimia kwenda Uarabuni kumtembelea rafiki na kulitazama jangwa, mara nyingi fikira zake huelekea Dubai, kwa kuwa majumba marefu ya mji huo yamekwisha kuonekana katika kila simu na kwa kuwa ndege nyingi zitokazo Nairobi kwenda nchi za Ghuba hutua huko. Ipo nchi inayopakana na Falme za Kiarabu, Omani, ambayo humfaa zaidi mgeni wa namna hii ingawa hutajwa kidogo. Humo atakuta watu wanaozungumza Kiswahili majumbani mwao, na atakuta ardhi kavu ambayo watu wameikalia kwa maelfu ya miaka kwa sababu walijifunza kuyapima maji na kuyagawana kwa zamu inayojulikana na kila mtu. Jambo hilo la pili lina uzito wa pekee kwa anayetoka mahali ambapo nyumba za kupangisha za ghorofa zimeota haraka kuliko mabomba, na ambapo mitungi ya lita 20 na maboza ya maji ni sehemu ya maisha ya kila juma.

Uhusiano wa Omani na pwani ya Afrika Mashariki ulianza zamani sana kabla ya kuwapo mipaka ya leo. Mwaka 1650 Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi aliwafukuza Wareno kutoka Maskati, mji mkuu wa Omani wa leo, na mwaka 1698, baada ya kuzingirwa tangu 1696, Ngome ya Yesu mjini Mombasa iliangukia mikononi mwa majeshi ya mwanawe, Saif bin Sultan. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan wa ukoo wa Busaidi aliyahamishia makao yake Unguja, akaitawala himaya iliyoshika pande zote mbili za bahari hadi alipofariki mwaka 1856, na miaka mitano baadaye himaya hiyo ikagawanywa kuwa nchi mbili. Utajiri wa enzi hiyo ulitokana na karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa, na mgeni kutoka bara la Kenya anayekwenda kuyatazama majumba ya kale ya Omani ana haki ya kuyatazama akiyakumbuka yote hayo kwa pamoja. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964 familia nyingi zenye asili ya Omani zilikimbia visiwa, na Sultani Qaboos bin Said aliposhika madaraka mwezi Julai 1970 aliwaita raia waliokuwa ng'ambo warejee kuijenga nchi, wakaja kutoka Zanzibar, Tanzania bara, Kenya, Burundi na Kongo wakiwa na elimu ambayo wakati huo ilikuwa adimu nyumbani kwao.

Hao na watoto wao ndio wanaokifanya Kiswahili kisikike leo katika ofisi, hospitali na masoko ya Maskati. Kiswahili chao kwa kawaida ni cha Unguja, chenye salamu ndefu na maneno yaliyopimwa, kwa hiyo mgeni kutoka Mwiki atafanya vyema kuiacha Sheng katika kituo cha matatu na kuwaamkia wazee kwa shikamoo, kisha angoje aulizwe habari za nyumbani kabla ya kuingia katika shughuli iliyomleta. Wapo wanaokumbuka Mombasa au Nairobi ya miaka ya sitini kuliko wanavyoijua Kenya ya sasa, na mazungumzo ya aina hiyo, ambayo hakuna kampuni ya utalii inayoweza kuyauza, ni sehemu ya thamani kubwa zaidi ya safari nzima.

Hata hivyo, si kila rafiki aliyeko Omani anaweza kupokea mgeni, na hapa ndipo mipango mingi huharibika. Aliye raia, au aliyeajiriwa kwa kazi ya kitaaluma kama vile uuguzi au uhasibu na anayepanga nyumba yake mwenyewe, anaweza kumlaza mgeni bila tabu, ila ifahamike kwamba juma la kazi la Omani huanza Jumapili na mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi, utaratibu uliowekwa mwaka 2013. Mgeni aliyepanga kutembezwa Jumapili atajikuta peke yake nyumbani huku mwenyeji akiwa kazini.

Hali ni tofauti kabisa kwa Wakenya wengi ambao wamekwenda huko kufanya kazi za nyumbani. Hao huishi ndani ya nyumba ya mwajiri, chini ya utaratibu uitwao kafala, yaani udhamini unaofungamanisha kibali cha mfanyakazi kuishi nchini na mwajiri mmoja. Tangu Januari 2021 Omani imewaruhusu wafanyakazi wa kigeni waliomaliza mkataba kuhamia kwa mwajiri mwingine bila kuhitaji barua ya idhini kutoka kwa yule wa kwanza, hatua ambayo ilipunguza makali ya utaratibu huo, lakini haikumpa mfanyakazi wa nyumbani mlango wa kumfungulia mgeni wake. Ndugu au rafiki anayekwenda kumwona hana budi kulala hotelini au katika chumba cha kukodi, aulize mapema siku ya mapumziko ya mwenyeji wake ni ipi, na aridhike na saa chache za kukutana, pengine kando ya bahari huko Muttrah au katika maduka ya Ruwi, mtaa wa biashara unaojaa wafanyakazi wa kigeni siku za Ijumaa. Kumfuata hadi mlangoni kwa mwajiri bila taarifa kunaweza kumponza. Inafaa isemwe bila kuficha kwamba kwa mfanyakazi ambaye hajaonana na mtu wa kwao kwa miaka miwili, saa hizo chache za kukaa na mtu aliyetoka Mwiki juzi na anayejua nani amefariki na nani amejenga, zina maana kuliko zawadi yoyote itakayobebwa katika begi.

Kuhusu hati, Mkenya anahitaji viza, ambayo huombwa kwa njia ya intaneti kupitia Polisi ya Kifalme ya Omani, na pasipoti yenye uhai wa miezi sita au zaidi. Anahitaji pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa Kenya ni miongoni mwa nchi zenye hatari ya ugonjwa huo. Chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya kusafiri, na tangu Julai 2016 cheti chake hukubaliwa maisha yote, kwa hiyo aliyekwisha kuchanjwa hana haja ya kurudia. Viza ya matembezi hairuhusu kufanya kazi, na wakala yeyote anayemwambia kijana atangulie kwa viza hiyo kisha kazi itapatikana akifika, anamtia mtegoni. Wakala wa kazi za ng'ambo hupaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya Kenya, na yafaa iulizwe kabla ya kutoa hata shilingi moja. Miraa na muguka, vinavyouzwa wazi vibandani Githurai, huhesabiwa nchini Omani kuwa dawa za kulevya, na anayekamatwa navyo katika uwanja wa ndege hushtakiwa.

Majira ya safari yana umuhimu kuliko nauli. Mwiki iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai wakazi wake huvaa sweta hadi adhuhuri, ilhali joto la Maskati mwezi huohuo huweza kuzidi nyuzi 40 za Selsiasi na hewa yake ya bahari huwa nzito ya unyevu. Tarehe 26 Juni 2018, katika mji wa Qurayyat ulio pwani kusini-mashariki ya Maskati, joto halikushuka chini ya nyuzi 42.6 kwa saa 24 mfululizo, usiku ukiwemo. Serikali hukataza kazi za nje baina ya saa sita na nusu na saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, na mgeni hana sababu ya kujitia katika jua ambalo sheria imemwondolea mjenzi. Wakati unaofaa ni kuanzia Novemba hadi Machi. Mwezi wa Ramadhani, ambao kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku 11 katika kalenda ya kawaida, haumzuii mgeni kuja, lakini kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana ni marufuku kwa kila mtu.

Maskati yenyewe haihitaji siku nyingi. Ni mji wa nyumba nyeupe zisizo ndefu, uliobanwa baina ya milima mikavu na bahari, na kitu chake cha kutazamwa zaidi ni Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, ambao ukumbi wake mkuu una zulia moja la urefu wa mita 70 na upana wa mita 60, lililofumwa kwa mkono na wanawake wapatao 600 wa Irani kwa miaka minne. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi, isipokuwa Ijumaa, mradi wanawake wafunike nywele na wote wavae nguo zinazositiri mikono na miguu. Soko la Muttrah, lenye vichochoro vilivyoezekwa na harufu ya ubani, litamkumbusha Mji wa Kale mtu aliyewahi kufika Mombasa. Sarafu ya nchi ni riali, ambayo imefungamanishwa na dola ya Marekani kwa kiwango cha takriban dola 2.6 kwa riali moja, yaani zaidi ya shilingi 300 za Kenya, na anayesahau hesabu hiyo atadhani bei ni rahisi mno hadi fedha zimwishie.

Mambo yenyewe yako bara. Nizwa, mji mkuu wa zamani wa maimamu, uko mwendo wa chini ya saa mbili kwa gari kutoka Maskati, na ngome yake yenye mnara mkubwa wa duara ilijengwa kwa miaka 12 na Sultan bin Saif, yuleyule aliyewatoa Wareno. Walinzi wake waliwamwagia washambulizi asali ya tende iliyochemshwa kupitia matundu yaliyo juu ya milango. Ijumaa asubuhi hufanyika mnada wa mbuzi na ng'ombe, ambapo wauzaji huizungusha mifugo mbele ya wanunuzi waliokaa duara, na mtu aliyezoea soko la mifugo la Kenya ataelewa kila ishara ya mkono hata asipojua Kiarabu.

Kinachostahili kutazamwa kwa utulivu zaidi katika eneo la Nizwa ni falaji, yaani mfereji unaoyaleta maji kutoka chini ya mlima au bondeni hadi kijijini na mashambani kwa nguvu ya mteremko peke yake, bila pampu wala injini. Mifereji hii ni ya namna tatu: ule unaopokea maji ya juu ya bonde, ule unaoanzia kwenye chemchemi, na ule wa tatu, uitwao daudi, ambao ndio ustadi hasa. Wachimbaji wa daudi walitafuta maji yaliyofichika chini ya kitako cha mlima, wakachimba kisima cha mwanzo, kisha wakatoboa njia ya chini kwa chini, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa, yenye mteremko mdogo kiasi kwamba maji hutembea bila kuumomonyoa udongo, na kila baada ya hatua kadhaa wakaacha shimo la wima la kupitishia hewa na kutolea kifusi. Mifereji ipatayo 3,000 ya namna hizi ingali inatumika nchini, na mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Upo ushahidi wa akiolojia kwamba kilimo cha umwagiliaji katika eneo hili kilikuwepo miaka 2500 hivi kabla ya Kristo.

Hata hivyo, uchimbaji ni nusu tu ya kazi, na nusu iliyobaki ni sheria. Pale maji yanapotokeza juu ya ardhi kwa mara ya kwanza, kila mtu, mwenyeji au mpita njia, ana haki ya kunywa na kuteka bila malipo. Mfereji ukishapita hapo hufika msikitini na mahali pa kuogea, kisha huingia katika mashamba ya mitende, ambayo ni mali ya kudumu, na mwisho kabisa hufikia mazao ya msimu, ambayo mwaka wa ukame yanaweza kuachwa yasipandwe. Mashambani maji hupimwa kwa muda, na kipimo cha kawaida huitwa athari, takriban nusu saa ya mtiririko. Mchana zamu zilifuatwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa ardhini, usiku kwa kuchomoza kwa nyota fulani nyuma ya kilima, na siku hizi kwa saa ya mkononi. Msimamizi aitwaye wakili hutunza daftari la hisa, na hisa nyingine huuzwa kwa mnada ili fedha zake zitengeneze mfereji unapobomoka.

Maskati hupata takriban milimita 100 za mvua kwa mwaka, na Ruiru hupata karibu mara kumi ya hizo. Hata hivyo, mpangaji wa ghorofa ya nne mjini Mwiki anaweza kukesha akisubiri bomba litoe sauti, asijue kama maji yatakuja Jumanne au Alhamisi, wala kama jirani wa chini mwenye pampu atamwachia chochote. Falaji haikuongeza tone la mvua katika jangwa la Omani, bali iliondoa shaka kuhusu zamu, na mtu anayesimama kando ya mfereji katika kijiji cha Misfat al Abriyyin, akiyatazama maji yakigeuzwa kuingia shambani kwa kuondoa jiwe na kitambaa kilichosokotwa, anaona mambo ambayo kamati yoyote ya wapangaji wa Ruiru ingeweza kuyajadili kesho yake: daftari lililo wazi, kinywaji cha mtu kikitangulia bustani, na mfuko wa matengenezo unaotokana na maji yenyewe.

Baada ya Nizwa msafiri anaweza kupanda Jebel Akhdar, mlima ambao uwanda wake wa Saiq uko mita 2,000 hivi juu ya bahari, ambako makomamanga hukua kwenye matuta na halwaridi huchumwa mwezi Aprili ili kutengenezwa marashi. Polisi walioko chini ya mlima huruhusu magari yanayovuta kwa magurudumu yote manne pekee, kwa sababu ya ukali wa mteremko.

Jangwa la mchanga linaloonekana katika picha liko upande wa Sharqiya, na wenyeji wengi bado huliita Wahiba kwa jina la kabila la Wabedui walioishi humo. Lina eneo la kilomita za mraba 12,500 hivi, na vilima vyake, ambavyo vingine hufikia kimo cha mita 100, vimejipanga kwa mistari mirefu ya kaskazini kwenda kusini kwa sababu vililimbikizwa na pepo za kusi. Ni dogo likilinganishwa na Rub' al Khali, jangwa kubwa ambalo Omani inaligawana na Saudia, Yemeni na Falme za Kiarabu, na ambalo peke yake limeizidi Kenya nzima kwa ukubwa, lakini lafikika kwa urahisi kutoka mji wa Bidiya, zaidi kidogo ya kilomita 200 kutoka Maskati. Madereva wenyeji hupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani ili tairi litanuke na lisizame, na hawaingii na gari moja peke yake. Mgeni asijaribu kuendesha humo mwenyewe, hasa kwa kuwa Omani huendesha upande wa kulia wa barabara.

Njiani kuelekea huko upo mji wa Ibra, ambao haupaswi kupitwa. Familia zake nyingi zilikwenda kufanya biashara Unguja na Afrika bara katika karne ya 19, na majumba yaliyobomoka ya mtaa wa Munisfah, yenye milango iliyonakshiwa, yalijengwa kwa mali ya biashara hiyo. Siku ya Jumatano hufanyika humo soko la wanawake, na mwanamke msafiri anaweza kuingia huku mwenzake wa kiume akingoja nje.

Mabonde makavu, yaitwayo wadi, huwavuta watu kwa mabwawa yake ya maji ya kijani, kama yale ya Wadi Bani Khalid na Wadi Shab, lakini ni hatari kuliko mchanga. Mvua inyeshayo mlimani mbali sana, mahali ambapo mgeni hata haoni wingu, hushuka kwa dakika chache na kusomba magari, na mwezi wa Aprili 2024 mafuriko ya namna hiyo yaliua watu kadhaa, wakiwemo watoto waliokuwa wakitoka shule. Mwenyeji akisema leo hakuendeki, safari iahirishwe.

Upepo wa kusi ulioujenga mchanga wa Wahiba ndio uliokuwa ukiyarudisha majahazi Uarabuni kutoka Mombasa na Lamu, baada ya kaskazi kuyaleta mwanzoni mwa mwaka. Mjini Sur, ambako majahazi mengi yalijengwa, jahazi liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa mwaka 1951, limehifadhiwa nchi kavu, na mafundi wachache bado huunda vyombo vya mbao kando ya hori.

Nyumbani kwa Mwomani mgeni huvua viatu mlangoni, hula kwa mkono wa kulia, na hupewa kwanza tende, kisha kahawa nyepesi yenye iliki katika finjani ndogo, ambayo itajazwa tena na tena mpaka aitikise kidogo kuonyesha kwamba ametosheka. Katika nyumba za waliotoka Afrika Mashariki huenda mahamri, maharagwe ya nazi au hata ugali ukaandaliwa kwa heshima yake. Zawadi inayofaa ni majani ya chai ya Kericho, kahawa ya mashamba ya Ruiru au makadamia ya Thika. Mila ya Kiarabu humpa mgeni siku tatu za ukarimu kamili, na anayekusudia kukaa zaidi hufanya vizuri kununua chakula cha nyumbani kwa siri, amkabidhi mwenye nyumba jikoni na wala si mbele ya wengine.

Mwenyeji naye akitaka kurudisha ziara, Kenya iliondoa viza kwa wageni mwezi Januari 2024 na badala yake ikaweka kibali cha kusafiri kinachoombwa kwa intaneti kabla ya kupanda ndege. Familia za Omani hupendelea Julai na Agosti, wakati shule zao zimefungwa na joto limewachosha, na wakati huo ndio Mwiki ina baridi na manyunyu, kwa hiyo rafiki wa huku atapaswa kuandaa mablanketi ya kutosha, kutafuta nyama iliyochinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na kulijaza tangi siku mbili kabla, kwa kuwa wageni hao huhitaji maji ya kutawadha mara tano kila siku.